Kumwachia Mungu: neno tunalolisema kila siku

Hapa kwetu Kalemie hakuna neno linalosemwa mara nyingi kuliko hili: "Tumwachie Mungu." Linasemwa kwenye kilio. Linasemwa kwenye dispansari dawa zikiisha, na pale gare wakati hakuna anayejua kama treni ya kutoka Kabalo itafika leo ao wiki ijayo. Linasemwa ufukweni wakati boti ya kwenda Moba imeshajaa na bado watu wanapanda. Mara nyingine linatoka kwa ufupi zaidi: "Mungu iko." Mwenzako anaitika, "Ndiyo, iko," na mazungumzo yanaishia pale.

Sisi wa chama hiki tumejipa kazi ya kuandika mambo tuliyorithi, na tumeona kwamba neno hili nalo limekwisha kuwa desturi, tena desturi kubwa. Desturi nyingine tunaziuliza maswali: mahari, matanga, majina ya ukoo. Hii moja hatujaiuliza, labda kwa kuwa jina la Mungu limo ndani yake na watu wanaogopa. Tunamaanisha nini tunaposema kwamba Mungu anatuongoza katika mambo tusiyoyajua? Tena, hakuna wakati ambapo neno hilo zuri linageuka kuwa kosa?

Tuseme mapema kwamba sisi wenyewe ni Wakristo, wengine Wakatoliki, wengine Wamethodisti, wengine wa makanisa ya Kipentekoste. Hatuandiki ili kubomoa imani ya mtu. Tunaandika kwa sababu ya jambo moja lililotusumbua miaka mingi.

Mwezi wa Desemba 2014 meli iliyoitwa Mutambala ilizama ziwani, upande huu wetu. Watu zaidi ya 100 walikufa. Taarifa za siku zile zilitaja upepo mkali na mzigo uliopita kiasi. Mji mzima ulikuwa kilio kimoja. Ukitoka kuomboleza avenue hii, unaingia nyingine. Jumapili zilizofuata zikawa za ushuhuda. Mtu anasimama mbele, anashika mikro, anasimulia: alikuwa amekwisha kulipa tiketi, usiku mtoto akashikwa na homa, akabaki. Mwingine alichelewa kwa sababu ya mtu wa deni. Mwingine moyo tu ulikataa, hajui kwa nini. "Mungu alinizuia!" Watu wanapiga makofi, ba mama wanapiga vigelegele, na kweli, nani angekataa kushangilia pamoja na mtu aliyeponea pale?

Sasa basi, katika ibada mojawapo, kwenye viti vya nyuma karibu na mlango, aliketi mama mmoja aliyefunga kitambaa cheusi. Mume wake alipanda meli ile. Wao pia waliomba pamoja kabla ya safari. Mtoto wao hakushikwa na homa, na mtu wa deni hakufika. Watu walipopiga makofi, mama yule alitazama mikono yake tu. Mwenzetu aliyekuwa ameketi karibu naye alikuja kutusimulia katika mkutano wetu, na swali likabaki mezani, hakuna aliyeliondoa: kama Mungu alimzuia huyu, je, yule alimsukuma?

Tulijaribu majibu. La kwanza ni la wale wanaosema kwamba waliokufa walikuwa na jambo, walikosa maombi, ao kulikuwa na laana katika familia. Jibu hili lina haraka sana ya kutoka mdomoni, na ndilo baya kuliko yote. Rafiki za Ayubu walilisema kwa maneno marefu na mazuri, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakasirikia. Bwana Yesu naye alitaja habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Aliuliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe: hapana. Kwa hiyo mlango huo umefungwa. Hata hivyo, tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la nguvu ya 6,8 lilipotokea chini ya ziwa, nyumba zikaanguka hapa mjini na watu wakafa, wako waliohubiri jioni ile ile kwamba ni adhabu. Mlango uliofungwa na Bwana sisi tunaufungua kila msiba unapokuja.

Jibu la pili ni la wazee: "Siku yake ilikuwa imefika." Hili lina huruma. Linamfuta mtu machozi, halimhukumu marehemu. Ndugu zetu Waislamu nao wanalisema, na wanalisema kwa utulivu ambao wakati mwingine tunauonea wivu. Lakini linaficha kitu. Kama ni siku tu iliyofika, basi hakuna haja ya kuuliza nani alihesabu watu, nani alipakia magunia hadi juu, nani alipewa kitu kidogo ili asione. Siku inabeba makosa ya watu wote, na wao wanarudi nyumbani kula bukari.

Kabla hatujaendelea, turudi nyuma kidogo, maana kijitabu hiki ni cha mila, na kuna anayedhani kwamba jambo la kutafuta uongozi katika yasiyojulikana lililetwa na wamisionere. Hapana. Bakoko zetu hawakuwa watu wa kuondoka hivi hivi. Batabwa walimjua Leza. Baluba walimwita Vidye. Mtu aliyekuwa na safari, ao ugonjwa usiojulikana chanzo, alikwenda kwa mwenye kuona, yule ambaye Baluba wanamwita kilumbu. Alipakwa mpemba nyeupe, alama ya baraka. Hata ziwani kulikuwa na adabu yake. Cameron, Mwingereza aliyesafiri katika ziwa hili mwaka 1874, aliandika habari za wapiga kasia waliotoa ushanga kwa pepo ya rasi ya Kabogo, ng'ambo ya mashariki, kabla ya kuipita. Yeye aliona ushirikina. Sisi tunaona pia watu waliojua kwamba maji ni makubwa kuliko wao, na kwamba mtu hapiti mbele ya kitu kikubwa bila kusalimu.

Lakini wazee waliotulea walitusisitizia jambo lingine ambalo watu wanalisahau. Baraka ya mwenye kuona haikumwondolea mvuvi kazi ya kutazama. Mtu alipakwa mpemba, halafu akaenda ufukweni kutazama mawingu juu ya milima, akasikiliza upepo, akagusa kamba za mtumbwi wake. Wakati wa kipwa, kusi ilipovuma na mawimbi kusimama, hakukuwa na mpemba ya kumpeleka mtu majini. Mpaka leo wavuvi wa ndakala hawatoki usiku wa mwezi mpevu, kwa sababu samaki hawaifuati taa wakati mbingu yote ni taa. Hawaombi ndakala waje usiku ule. Wanashona nyavu, wanalala, wanangoja giza. Hakuna mchungaji ao padri aliyewahi kuwaambia kwamba imani yao ni ndogo.

Tazama pia majina tunayowapa watoto. Pita shule yoyote hapa uite majina: Majaliwa, Bahati, Riziki, Shida, Tabu, Sikujua. Sikujua! Mzazi anamwandika mtoto wake jina la kutojua kwake, na mtoto analibeba maisha yote bila haya. Majaliwa nalo maana yake ni yale tuliyojaliwa, na huyajui kabla ya kuyapata. Majina haya yote yanatolewa mtoto akiisha kuzaliwa. Kumbe mila yetu ilikuwa na busara moja: mkono wa Mungu unatambuliwa ukitazama nyuma. Mbele kuna "sikujua" tu.

Siku hizi busara hiyo inapotea, na tuna neno la kusema juu ya manabii wetu wa mjini. Kijana hajui kama aende Lubumbashi kutafuta kazi ao abaki; binti ana wachumba wawili; mama hajui kama aongeze mtaji wa samaki ao afungue duka la vitenge. Wanakwenda kwa nabii, wanaweka bahasha, wanapewa jibu. Nenda. Usiende. Olewa na huyu. Hatusemi kwamba Roho wa Mungu hasemi na watu. Tunauliza tu, mtu asiyeweza kuvuka Lukuga bila kupewa ruhusa na nabii, ametofautiana wapi na yule aliyekwenda kwa kilumbu? Na kilumbu, kama wazee wanavyosema, alipokea kuku.

Anayedai kujua kesho hamtegemei tena Mungu, maana jambo likishajulikana hakuna haja ya kutegemea. Tegemeo ni kwa ajili ya pale usipoona.

Tulipofika hapo katika mazungumzo yetu, mwenzetu mmoja, mwalimu wa dini, alituambia tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 27. Sisi tuliokaa karibu na maji maisha yote tulishangaa kwamba hatukuwahi kuisoma sura ile kama habari ya boti. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma. Wakati mzuri wa kusafiri umepita, naye anawaonya: tukiondoka sasa tutapata hasara, ya mzigo na ya maisha. Lakini akida anamsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Nani angefanya tofauti? Huyu ni mfungwa, wale ni wenye chombo. Upepo wa kusini unaanza kuvuma taratibu, wanaona mambo yamekuwa mazuri, wanang'oa nanga. (Msomaji wa Kalemie atacheka hapa, kwa maana sisi tunaijua kusi kama adui, kule ilikuwa mdanganyifu.) Muda si muda dhoruba inawakamata.

Wanakaa siku nyingi bila kuona jua wala nyota. Kisha Paulo anawaambia kwamba malaika amemjia usiku: meli itapotea, lakini hakuna hata mtu mmoja atakayekufa. Ni ahadi ya Mungu, wazi kabisa. Sasa angalia kinachofuata. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanateremsha mashua ndogo, wanajifanya wanakwenda kutia nanga, kumbe wanataka kutoroka. Paulo hasemi, "Waacheni, Mungu ameshaahidi." Anamwambia akida kwamba hao wasipobaki ndani, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wanakata kamba za mashua. Halafu Paulo anawahimiza watu wote wale chakula, maana wanahitaji nguvu. Wanahesabiwa: watu 276. Wanatupa ngano baharini ili meli iwe nyepesi. Inapokwama na kuvunjika, wanaojua kuogelea wanatangulia, wengine wanashika mbao, na wote wanafika nchi kavu.

Ahadi ilikuwepo, na bado mabaharia walihitajika, na mbao pia. Mungu aliyeahidi hakuona kwamba kazi ya mabaharia inapunguza utukufu wake. Na jambo lililotugusa zaidi ni la mwanzo wa sura. Uongozi wa Mungu ulikuwa umekwisha kuwafikia bandarini, kabla ya malaika, kabla ya dhoruba, kupitia mdomo wa mfungwa aliyesema: jamani, tusiondoke. Ulikuja kama shauri la kawaida la mtu aliyewahi kusafiri. Hawakuutambua kwa sababu haukuvaa mavazi ya ajabu.

Hapo ndipo tuliporudi kwenye ufukwe wetu. Ni mara ngapi mama mmoja mwenye mtoto mgongoni amesema, "Lakini boti imejaa," na mwenye boti akamjibu, "Mama, uko na imani ndogo, Mungu iko"? Tunasikia jibu hilo tangu utoto. Mtu anayesema imejaa anaonekana kama mkosefu wa imani, na anayeongeza abiria kumi wengine, kwa hesabu ya franka zao, anaonekana kama mwamini. Tumegeuza mambo chini juu. Labda yule mama mwenye kuhesabu vichwa ndiye aliyetumwa siku hiyo.

Shetani naye alimpandisha Yesu juu ya hekalu, akamwambia ajitupe, kwa maana malaika watamdaka. Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Sisi tunajitupa na magunia.

Je, basi hakuna wakati wa kusema "tumwachie Mungu"? Uko, na hapa tunataka kwenda polepole. Mwaka 2016 na 2017, vita kati ya Batwa na Baluba vilipochoma vijiji vya territoire yetu, watu walifika Kalemie kwa miguu bila hata sufuria. Makambi ya Katanika na Kalunga yalijaa vibanda vya majani. Tulikwenda kule na nguo na chumvi. Mzee mmoja aliyepoteza nyumba, mashamba na kaka yake alitwambia, "Tumemwachia Mungu," na hatukusikia uvivu wowote ndani ya sauti yake, wala udanganyifu. Alikuwa amekimbia kwa wakati, amebeba wajukuu wawili umbali mrefu, amejenga kibanda, ameuliza habari za wengine. Yote yaliyokuwa mikononi mwake alikuwa ameyafanya. Kilichobaki hakikuwa mikononi mwa mtu. Tena mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipotekwa, tuliona boti zikishusha hapa watu kutoka kaskazini, na neno likawa lile lile katika midomo yao.

Neno ni moja, midomo ndiyo tofauti. Likitoka kwa aliyeshika usukani, ni kisingizio. Likitoka kwa aliyemaliza kupiga kasia na sasa hana tena nguvu, ni sala. Na sisi wengi, tuseme ukweli, tunalichukua neno la yule wa pili na kulitumia kama yule wa kwanza. Ziwa lilipopanda tangu 2020, na mwaka 2024 maji yakaingia hadi ndani ya vyumba vya kulala, kuna waliobaki wakisema Mungu aliyeleta maji atayarudisha. Lakini ziwa hili lina tabia yake ya tangu zamani. Katika miaka ya 1870 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na majani na udongo, maji yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka, mpaka yakapasua njia kuelekea Lualaba. Bakoko zetu hawakujenga mahali maji yanapopakumbuka. Sisi tumejenga, tukapewa na karatasi.

Bado tuna deni kwa mama wa viti vya nyuma. Habari ya Paulo inatufundisha nini cha kufanya kabla ya safari. Haimjibu yeye ambaye mume wake amekwisha kufa. Hapa tutamleta mtu ambaye wazee wa pwani hii walimjua kwa jina: Adriani Atiman, daktari wa Karema. Karema iko ng'ambo, Tanzania, ukisimama Mpala unaelekeana nayo juu ya maji.

Atiman alizaliwa mbali sana, katika nchi inayoitwa leo Mali, kwenye mto Niger. Akiwa mtoto mdogo aliibiwa na wauza watumwa, akapelekwa kaskazini kupitia jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, na Kardinali Lavigerie akampeleka Malta, pamoja na vijana wengine waliokombolewa, ili wasomee udaktari. Malta ndicho kisiwa kile kile ambacho Paulo na watu 275 walifika wakishika mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Atiman alitembea na msafara kutoka pwani ya bahari hadi Tanganyika, na hapo Karema alitibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60! Wangapi waliokufa kwa ndui ao kwa vidonda kabla yake, na wangapi walipona kwa mikono yake, Mungu ndiye anayejua.

Wahubiri wanaipenda habari hii, nasi tunaipenda. Wanasema: ona Mungu alivyomwongoza tangu Niger hadi Tanganyika. Sawa. Lakini je, Mungu aliwatuma wale waliomwiba mtoto? Tukisema ndiyo, tumemfanya Mungu mshirika wa biashara ile ile iliyoumaliza ukanda huu wa ziwa, ambayo kwa ajili yake watu wa Mpala walikimbilia kuta za boma ili wasifungwe minyororo. Na watoto wengine waliotembezwa katika jangwa lile, waliobaki njiani chini ya mchanga, wao waliongozwa wapi?

Yusufu aliyeuzwa Misri na ndugu zake alipata maneno ya kusema juu ya hili. Aliwaambia kwamba wao walikusudia mabaya, lakini Mungu aliyageuza kuwa mema. Hakuwaambia kwamba hawakukosa. Ubaya ulibaki na jina lake, na ndugu walibaki na kosa lao. Mungu hakuwa amesimama upande wa shimo akihesabu fedha na wafanyabiashara. Alikuwa upande wa mtoto aliyeuzwa, akaenda naye. Sisi tunaona kwamba hiyo ndiyo maana tunayoweza kuisema bila aibu. Kuongozwa na Mungu si kuambiwa kwamba kila kilichotokea kilipangwa vizuri. Ni kutoachwa peke yako ndani ya kilichotokea. Bwana mwenyewe, usiku wa Getsemane, aliomba kikombe kipite. Hakikupita. Hakuna Mkristo anayesema kwamba usiku ule Baba alikuwa amemtupa.

Kwa hiyo tulikubaliana juu ya kitu kimoja kidogo. Ushuhuda wa aliyepona ni mzuri, usizimwe. Lakini usemwe kwa namna ambayo mjane anaweza kuusikia akiwa ameketi palepale. "Nilibaki, sijui kwa nini mimi, namshukuru Mungu kwa siku hizi alizoniongezea" ni maneno anayoweza kuyasikia. "Mungu alinizuia kwa sababu mimi ni mtu wa maombi" hayawezi kusemwa mbele yake bila kumpiga ngumi. Wengine kati yetu waliona kwamba tunawabana watu ulimi. Mwenzetu mmoja wa kanisa la uamsho alisema furaha haipimwi kwa mizani. Tulibishana hadi usiku na hakukubali, naye bado ni mwenzetu.

Wako wengine waliotembea katika giza lisilo na dhoruba, na hao tunawataja kwa haraka. Stefano Kaoze, mtoto wa milima ya Marungu, alipewa upadri Baudouinville, Kirungu ya leo, mwaka 1917. Alikuwa padri wa kwanza wa Kongo yetu katika nyakati hizi. Kwa miaka mingi ya masomo hakuwa na mtu yeyote wa kwao wa kumtazama mbele na kusema: yule alifika, nami nitafika. Wakubwa wenyewe wa wakati ule wengi walikuwa na mashaka kama mtu mweusi ataweza. Hatujui kwamba malaika alimtokea. Alisoma Kilatini leo, kesho yake akasoma tena.

Mama yule wa kitambaa cheusi alikwisha kukiondoa. Miaka michache baadaye alikuwa na safari ya kwenda Moba, kwenye arusi ya mtoto wa dada yake. Alishuka ufukweni mapema na kifurushi chake, akamwuliza mwenye boti wamekwisha kuwa wangapi. Kijana akacheka: "Mama, panda, Mungu iko." Alihesabu mwenyewe kwa kidole, taratibu, watu wakimwangalia, wengine wakinung'unika. Kisha akachukua kifurushi chake akashuka. Alilala kwa jamaa karibu na bandari, akaondoka na boti ya kesho yake ambayo ilikuwa na nafasi, akachelewa sherehe ya kwanza. Boti aliyoikataa ilifika salama. Moba walimtania: "Si unaona, yaya, ilifika." Aliwajibu kwamba alifurahi sana kusikia imefika, maana usiku kucha alikuwa akiwaombea, na akauliza bibi arusi yuko wapi.